Ukuta Nyuma ya Mlango

Siku ya harusi yangu naikumbuka kwa viatu tu. Vilikuwa vyeupe, vya kuazima, na vilinibana kuanzia kanisani Kitale hadi jioni nilipovivua kimyakimya chini ya meza ya keki. Kuna watu walilia kwa furaha siku ile, nimeambiwa. Baba yangu alicheza, nimeambiwa, na baba yangu si mtu wa kucheza. Mimi nilikuwepo, tena katikati ya mambo yote, lakini ukiniuliza nitakuonyesha kidole cha mguu.

Sasa niulize kuhusu asubuhi moja ya mwaka 2003, siku mbili kabla ya Krismasi, nyumbani kwa mama mkwe wangu kule Kabuchai. Nitakuambia beseni lilikuwa la kijani na lilikuwa na tundu lililozibwa kwa plastiki ya kuyeyushwa. Nitakuambia redio ya jirani ilikuwa inaishiwa na betri, maana mtangazaji alisikika kama mtu anayesinzia. Nitakuambia jua lilikuwa limefika wapi sakafuni. Asubuhi ile nilimuumiza mtu, na sijasahau hata harufu.

Nimeifikiria sana tofauti hiyo, na nina maoni yangu ambayo sitaki kubishania. Jambo baya halihitaji msaada wako. Linaingia lenyewe, linajitandikia, na kila ukipita karibu linakuita. Jambo jema lina adabu za mgeni. Linakaa mlangoni likingoja karibu, na usipolikaribisha linaenda zake bila kuaga. Haya sikuyasoma popote. Niliyapata kwenye ukuta wa udongo, na aliyenifundisha ni huyo huyo niliyemuumiza.

Mimi ni mtoto wa Kitale. Wazazi wangu walitoka upande wa kati wa nchi wakanunua ekari chache nje ya mji, wakapanda mahindi, wakajenga nyumba ya mbao. Baridi ya Kitale inapenya kwenye mbao, kwa hiyo kila mwaka tulibandika magazeti ukutani kwa uji wa ngano, gazeti juu ya gazeti, na mimi nilijifunza kusoma nikiwa nimelala chali kitandani. Mama yangu alikuwa na imani mbili: Mungu, na pembe za nyumba. Alisema mtu mvivu husafisha panapoonekana, na ukitaka kumjua mwanamke, funga mlango wake uangalie nyuma ya mlango. Nilikua nikipigwa kofi kwa ajili ya pembe. Sijutii, nyumba yangu ni safi.

Mume wangu alikuwa karani katika ofisi ya wilaya mjini Bungoma, na tulipanga vyumba viwili mjini humo. Kwao ni Kabuchai, katikati ya miwa na mahindi. Baba yake alikuwa amefariki zamani, na mama yake aliishi peke yake katika nyumba ya udongo yenye paa la mabati. Mimi nilimwita mayi, kama watoto wake wanavyomwita, na yeye aliniita mama, kama mtu anavyomwita mtoto anayemheshimu. Tulianza vizuri.

Desemba ikifika, kule hakuna mwanamke anayekaa bure. Kila nyumba ya udongo lazima isiribwe kabla ya Krismasi. Unachukua udongo wa mtoni, mavi mabichi ya ng'ombe na jivu, unakanda kwa miguu, kisha unaupaka ukuta kwa kiganja, tabaka jembamba juu ya lile la mwaka jana. Chini kabisa unapaka mkanda mweusi, na weusi wenyewe unatoka ndani ya betri kuukuu za redio zilizopondwa. Tabaka likiwa bado bichi unalichora kwa vidole: unaburuta vidole vinne kutoka juu kwenda chini kwa kuzunguka, unapata upinde wa mistari minne, unaweka mwingine pembeni yake, na mwingine, mpaka ukuta mzima unakuwa na mawimbi. Kila mwanamke ana mkono wake. Wanaojua wanaweza kupita barabarani wakakuambia nani alisiriba nyumba gani.

Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mimi nilipewa beseni. Siku ya kwanza nilizidisha jivu, na ukuta wangu ukabanduka wote ukaniangukia mguuni. Mayi alicheka mpaka akashika kiuno. Siku ya pili nilikuwa nimepata mkono, isipokuwa kidole changu cha mwisho cha mkono wa kulia hakinyooki. Nilikiingiza kwenye mashine ya kupukuchua mahindi nikiwa darasa la nne, na tangu hapo kimejikunja hakigusi kitu. Kwa hiyo pinde zangu zilitoka na mistari mitatu badala ya minne.

"Hii ni mkono ya kuku," mayi alisema, akiangalia kazi yangu. Na kweli zilifanana na kuku alipoparua.

Nilicheka naye, lakini ndani nilichomeka kidogo. Mimi ni mtu wa kutaka kusifiwa, nilizaliwa hivyo. Siku ya tatu alipoondoka mapema kwenda soko la Chwele kuuza kuku na kununua mchele wa sikukuu, akaniacha nimalizie sebule, niliamua atakaporudi atakuta sebule ambayo hata mama yangu asingeitoa kasoro. Nilifanya kazi kwa bidii ya bibi harusi, ambayo ni bidii mbaya kuliko zote kwa sababu haiulizi maswali.

Nilipomaliza kuta zote, nikakumbuka mafunzo. Nikafunga mlango nikaangalia nyuma yake.

Kulikuwa na kipande cha ukuta, upana wa sinia, ambacho hakikuwa kimesiribwa kwa miaka mingi. Kuzunguka kipande hicho matabaka mapya yalikuwa yameinuka, chenyewe kimebaki shimoni, rangi imefifia, nyufa kila upande. Juu yake kulikuwa na msumari ambao mayi hutundika mwavuli. Sitadanganya kwamba sikuona mistari. Niliiona. Niliona pinde ndogo ndogo zenye alama ya mviringo mwishoni mwa kila moja. Nikasema moyoni, ala, kumbe hata hapa wanaruka nyuma ya milango. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Mimi nikaziba nyufa zote, nikajaza shimo likawa sawa na ukuta, nikachora juu yake kwa mkono wangu wa kuku, nikasimama nyuma nikaridhika.

Mayi alirudi saa sita. Alisimama katikati ya sebule akazungusha macho, akatikisa kichwa kwa kupendezwa, na mimi nikajifanya nakung'uta beseni ili nisionekane nangoja sifa. Kisha akafunga mlango atundike mwavuli.

Hakuutundika. Halafu akaweka mkono pale, polepole, na udongo ulikuwa bado mbichi, ukashika vidole vyake.

"Nani amepaka hapa?"

"Ni mimi, mayi."

Aliutazama mkono wake.

"Umepaka vizuri," akasema, akatoka nje.

Alikwenda akakaa kando ya ghala la mahindi. Hakuja kula. Hakunawa ule mkono mpaka jioni. Nilijua nimefanya jambo, ila sikujua ni lipi, na hakuna mateso kama hayo. Nikapika mchele wote wa sikukuu kwa kuchanganyikiwa.

Mume wangu alipofika kutoka mjini jioni hiyo nilimweleza. Alifunga mlango, akaangalia, akakaa kwenye kiti bila kuvua koti. Ndipo akaniambia. Alikuwa na dada mdogo, kitinda mimba. Nilijua alikuwepo na akafa, hilo niliambiwa wakati wa uchumba kwa sentensi moja, nami sikuuliza zaidi. Alikufa mwezi wa Januari akiwa na miaka kumi na saba, malaria ikampanda kichwani. Wiki mbili kabla ya hapo, ile Desemba, ndiye aliyesiriba sebule. Tangu mwaka huo mama yao alisiriba kuta zote akazunguka kipande kimoja, na hakuna aliyemwambia kitu. Hata jina la msichana lilikuwa halitajwi tena nyumbani. Nilimuuliza mume wangu kwa nini hakuniambia. Akasema hakuna aliyewahi kuambiwa, kila mtu alijua tu.

Mtu mwenye akili angeishia hapo. Mimi nilichukua kijiko na kitambaa kibichi nikaanza kubandua tabaka langu nilitoe, nikidhani la chini litabaki. Udongo haufanyi hivyo. La juu lilishikana na la chini, yakaanguka yote mawili kwa pamoja, nikafikia fito. Mayi aliingia akanikuta nimepiga magoti na kijiko.

"Wacha," alisema.

Asubuhi yake alipaziba mwenyewe, bila kuchora chochote. Tulikula Krismasi kama watu waliokutana ofisini wakingoja kuhudumiwa.

Mwaka uliofuata ulikuwa mrefu. Mama mkwe wangu hakuninenea vibaya popote, na hilo ndilo lililonimaliza. Aliniletea maharagwe mjini kila alipopata mtu wa kumtuma. Aliuliza afya yangu. Lakini nikienda Kabuchai nilipewa kiti sebuleni, chai ikaletwa kwenye trei, na nikisimama kuosha kikombe naambiwa acha, acha, wewe ni mgeni. Ukipewa kiti kizuri na kukatazwa kuosha kikombe, ujue umefukuzwa kwa heshima. Nilitaka kurudi jikoni kwake. Sikuwa nataka kitu kingine mwaka ule, na ningeweza kusema hivyo mbele ya mtu yeyote.

Na ile asubuhi haikuniacha. Nikinusa mavi ya ng'ombe mabichi, niko pale. Nikiona beseni la kijani dukani, niko pale. Nilianza kugundua kwamba mambo mengine yote ya siku zile tatu yalikuwa yameondoka, hata kicheko cha mayi ukuta uliponiangukia mguuni. Nilijua alicheka, kama nijuavyo kwamba baba alicheza. Lakini sikukisikia tena. Aibu ilikuwa imekula kila kitu kilichokuwa karibu nayo.

Novemba nilikwenda Kitale nikamwambia mama yangu yote, pamoja na mchango wake. Nilimwambia nafikiria kumnunulia mama mkwe blanketi zuri, au nitafute picha ya shule ya yule msichana nikaikuze studio. Mama alikuwa anachagua maharagwe. Hakuinua macho.

"Wewe uliharibu na mikono," alisema. "Blanketi ni ya mfuko. Rudi na hiyo mikono."

Nikauliza kama hakuna njia rahisi. Akasema njia rahisi ilikuwa kuuliza kabla ya kupaka.

Basi Desemba ya 2004 nilifika Kabuchai wiki moja kabla ya wengine. Nilimkuta mayi nyuma ya nyumba, ameloweka udongo, amefunga sketi magotini, anakanda kwa miguu. Aliponiona akataka kutoka aoshe miguu aniletee kiti. Mimi nikavua viatu nikaingia kwenye udongo kando yake. Tukakanda, yeye na mimi, kama dakika kumi. Nilikuwa nimejiandalia maneno mengi njiani na yote yalikimbia. Nikauliza swali moja.

"Mayi, alikuwa anapaka namna gani?"

Aliacha kukanda. Nilifikiri atanifukuza, na nilikuwa tayari kufukuzwa, angalau ningekuwa nimefukuzwa kwa jambo la kweli. Alinitazama usoni kwa mara ya kwanza baada ya mwaka mzima. Kisha akachota udongo kwenye beseni, akaniambia nimfuate.

Alifunga mlango wa sebule. Akapaka pale, pale pale, tabaka moja. Akainua mkono akausimamisha hewani, na nikaona hajui aanze wapi. Akajaribu upinde mmoja akaufuta kwa kiganja. Wa pili akaufuta. Wa tatu akaburuta vidole vinne haraka, mkono ukageuka mwishoni, na pale mistari ilipoishia akabonyeza kwa dole gumba.

Halafu akaanza kucheka. Kicheko kilianza puani, kikashuka tumboni, akashika kiuno kama mwaka uliopita.

"Unajua hii ya dole ni ya nini?" akaniuliza. "Si urembo. Ni uvivu, bana. Alikuwa anaharakisha, mwisho ya mistari inamharibikia, basi anaziba na dole. Mimi nagombana naye, namwambia maliza vizuri. Ananiambia ati, mayi, hiyo ni maua."

Alicheka huku machozi yanamtoka, na udongo ulikuwa umemjaa usoni kwa sababu alijifuta na mkono ule ule. Mimi pia nililia, sitaki kujifanya shujaa. Tukakaa chini sakafuni mlango ukiwa umefungwa, na ndipo aliponiambia maneno ambayo nimeyabeba tangu siku hiyo.

"Miaka ile yote nilikuwa naangalia hapa, na nakumbuka siku moja tu. Siku ya kumtoa hospitali amefunikwa. Sikuwahi kumuona akipaka. Leo nimemuona. Alikuwa na matope kwa nywele."

Hapo nilielewa kitu ambacho nilikuwa nakitafuta bila kujua. Kile kipande cha ukuta alikihifadhi vizuri, hakukigusa, hakukisema, na kwa kutoguswa kikawa cha kifo peke yake. Vidole vilivyochora vilikuwa vimeondoka humo siku nyingi kabla yangu. Sisemi nilifanya vyema kupaka. Nilifanya vibaya, na mpaka leo nikipita mlango wa mtu nauliza kabla ya kusafisha nyuma yake. Nasema tu kwamba huwezi kuitunza furaha kwa kuizungushia ua usiikanyage. Inabidi uifanye tena, kwa mkono, na ukosee, na ufute, na urudie.

Siku hiyo nilipewa vyombo vya kuosha. Vilikuwa vingi, na nusu yake nina hakika vilikuwa safi.

Tangu hapo ikawa desturi yetu. Kila Desemba, kabla ya kugusa ukuta mwingine wowote, tulifunga mlango wa sebule tukaanza nyuma yake. Yeye alichora upinde mmoja kwa mkono wa binti yake, mimi mmoja kwa mkono wangu wa kuku, tukaenda hivyo tukipokezana mpaka kipande kikajaa. Na kila aliyechora alitakiwa kutaja jambo jema la mwaka ule. Mayi alikuwa mkali kuliko mwalimu. Ukisema tulifurahi Pasaka, anakukatiza. Pasaka ilikuwa na nini? Mlikula nini? Nani alimwaga chai? Hakutaka neno furaha, alitaka vitu. Alisema furaha bila vitu haishiki ukutani, kama udongo uliozidi jivu, na hapo alinitazama kwa makusudi.

Hivyo ndivyo nilivyorudishiwa harusi yangu. Mwaka wa pili au wa tatu nilimwambia kwa utani kwamba nakumbuka viatu tu. Akashangaa. Yeye alikumbuka kila kitu, kwa sababu alikuwa mgeni Kitale siku ile na mgeni hutazama. Aliniambia baba yangu alicheza kwa mkono mmoja, maana mkono wa pili alikuwa ameshika mkoba wangu niliomwachia usipotee, mkoba mweupe wenye shanga, na kila alipozunguka shanga zilimpiga mgongoni na hakuuweka chini hata mara moja. Nilipotajiwa ule mkoba, nikauona. Nikamwona baba. Nikaona hata jasho kwenye kola yake. Vilikuwa ndani yangu vyote, vikingoja mtu avikaribishe. Nilichora upinde juu ya hilo, na viatu tangu siku hiyo havinibani sana.

Mambo ya watoto yalikuja baadaye, na hao wana hadithi zao. Hapa nataka kumalizia na mwaka wa uchaguzi.

Desemba ya 2007 mama yangu aliumwa mguu, nikaenda Kitale kumuuguza nikiahidi kurudi Kabuchai kabla ya Mwaka Mpya. Mume wangu alibaki Bungoma kazini. Ilikuwa Krismasi ya kwanza ambayo sikusiriba. Kisha matokeo yakatangazwa, ghasia zikazuka, na barabara zikafungwa. Sina haja ya kueleza siku zile, aliyekuwepo anajua, na asiyekuwepo ameshaambiwa na wengi. Nitasema tu kwamba nyumba yetu ya mbao ilijaa watu wa ukoo waliokuja na magodoro, na kwamba kwa wiki nyingi kabila nilikozaliwa na kabila nilikoolewa yalikuwa mambo mawili ambayo watu waliyataja kwa sauti ya chini. Niliogopa. Niliogopa hasa kwamba yatakapokwisha nitarudi Kabuchai nipewe kiti sebuleni.

Kadi za simu ziliadimika madukani. Mayi hakuwa na simu yake, alitumia ya jirani, na tuliongea mara moja tu Januari nzima. Aliniuliza, "Uko?" Nikamwambia niko. Akasema sawa, na laini ikakatika.

Nyumba ya mbao haina mahali pa kusiriba. Lakini kila siku mchana mama alinipa sinia la unga wa mahindi nichekeche, kwa vile tulikuwa wengi wa kulishwa, na siku moja nilijikuta nimeutandaza unga nachora pinde kwa vidole vitatu. Mama aliona. Nilidhani atanigombeza kwa kuchezea chakula. Badala yake akaniuliza ni kitu gani, nami nikamweleza, tangu kijiko hadi dole gumba. Akanyoosha mkono wake akachora upinde mmoja kwenye unga, mbaya sana, akaniuliza sheria inasema ataje nini. Nikamwambia ataje jambo jema, lenye vitu. Nje palikuwa na wasiwasi, na mama yangu akaanza kunihadithia mvua ya siku waliyofika Kitale, na kuku aliyetaga ndani ya kofia ya baba. Ile Januari ningeweza kuikumbuka kwa woga peke yake. Naikumbuka pia kwa kofia.

Mwisho wa Februari barabara zikafunguka. Sikumwambia mtu kwamba naenda, kwanza kwa sababu simu haikushika, na pili kwa sababu niliogopa kuambiwa subiri. Nilishuka njia panda nikatembea katikati ya miwa hadi nyumbani. Nilifika kama saa tano asubuhi. Mayi hakuwepo uani, na mlango wa sebule ulikuwa wazi.

Nilisimama pale ndani na mfuko wangu mkononi. Kuta zilikuwa zimesiribwa tangu Desemba, mistari minne minne, kwa mkono wa mayi ninaoujua, zimeshakauka na kuanza kupauka. Kwenye meza kulikuwa na vikombe vichafu viwili. Nikafanya nilichofundishwa na mama yangu, nikafunga mlango nikaangalia nyuma yake.

Kile kipande cha ukuta kilikuwa kimenenepa. Kilikuwa kimetokeza mbele ya ukuta mwingine kwa unene wa kidole, tabaka juu ya tabaka. Huwezi kupata unene huo kwa kusiriba mara moja, wala mara tatu. Na juu yake kulikuwa na pinde, upande hadi upande, na zote zilikuwa na mistari mitatu. Hapakuwa na dole gumba hata moja. Zilikuwa pinde za kuku. Mwanamke mwenye vidole vizima vya kulia alikuwa amekunja cha mwisho akakizuia kisiguse ukuta, kwa kila upinde.

Niliweka mfuko chini. Niliweka kiganja changu pale, na udongo ulikuwa bado mbichi.